Dirisha la Ndululu

Asubuhi ya mwezi wa saba, ukisimama sokoni Nunguni, huoni hata mlima wa pili. Ukungu hupanda kutoka mabondeni ukalala juu ya kahawa mpaka saa nne, na baridi yake huingia ndani ya mifupa. Watu wa nchi ya chini wakitusikia tukiilalamikia hucheka, kwa kuwa wao huona Ukambani kote ni jua na vumbi. Waje walale kwetu siku moja.

Kwa ajili ya baridi hiyo, zamani jikoni ndiko tulikokaa. Wageni walipokelewa jikoni, watoto walilala jikoni, na habari zote za kijiji zilipitia jikoni. Na hakukuwa na jiko lililosifiwa kama la Ndululu.

Ndululu alikuwa mama yake Nzioka, jirani yangu. Mimi, Ndinda, shamba langu linatenganishwa na lao na mtaro mmoja tu wa kuzuia maji, kwa hiyo haya nitakayosimulia mengi niliyaona kwa macho, na mengine Muthoki, mke wa Nzioka, alinieleza mwenyewe tukichuma kahawa.

Jiko hilo lilikuwa la mviringo, limeezekwa nyasi, na kila mwaka Ndululu aliukanda udongo mwekundu na samadi akazipaka kuta upya kwa mikono yake. Mlango ulikuwa mfupi, ukiingia lazima uiname. Marehemu mumewe aliacha kitundu ukutani upande wa bondeni, lakini Nzioka alipozaliwa akashikwa na kikohozi, Ndululu alikiziba kwa mawe na udongo na hakikufunguliwa tena. Moto haukuzimika humo. Juu ya mafiga zilining'inia mbegu za mahindi, nyeusi, zinang'aa kwa masizi kama zilizopakwa mafuta, na dumuzi hakuthubutu kuzisogelea. Watu walipanda kutoka Mbumbuni kuja kumwomba mbegu.

Muthoki naye alitoka Mbumbuni. Kwao kuna joto, na walipikia nje kwenye kibanda kisicho na kuta. Alipoolewa mwaka wa sitini na nane, mwezi wa kwanza mzima macho yake yalikuwa mekundu na machozi yanamtiririka. Ndululu alidhani ni mapenzi ya kwao yanamliza. Akamhurumia, akampa kigoda chake mwenyewe, akamketisha pale pazuri, karibu kabisa na moto, na kumsimulia hadithi za kumchekesha. Siku alipogundua kwamba ni moshi tu, alicheka mpaka akajishika ubavu. Lakini kigoda hakukichukua tena. Wawili hao walipendana hivyo, na sisi wanawake wengine wenye mama wakwe wakali tuliona wivu.

Muthoki alikuwa mwimbaji. Katika kwaya ya akina mama kanisani, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na sauti yake ilipanda bila kulazimishwa, ungefikiri haina mahali inapoishia. Ndiyo sababu sauti ndiyo iliyotushtua kwanza. Pasaka ya mwaka wa sabini na tisa aliimba kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya chungu. Tukadhani ni mafua. Mafua hayakuisha. Pua ikaziba upande mmoja, sikio likawa linavuma, kisha akaanza kutokwa na damu puani akiwa shambani. Baadaye ukatokea uvimbe shingoni, chini ya sikio, mgumu, usiouma.

Tulifanya tulivyojua. Ndululu alichemsha majani ya mkaratusi akamfunika blanketi avute mvuke, hapo hapo kando ya moto. Sisi tulikuja kumwombea. Nzioka, ambaye kwa kawaida ni mtu mtulivu asiyedanganyika upesi, alinunua sokoni chupa ya dawa kwa mwanamume mwenye kipaza sauti aliyesema inaponya pumu, kisukari, uchawi na kukosa kazi. Ndululu aliionja kwa ncha ya kidole.

"Hii ni magadi na rangi," alisema, na kuimwaga kwenye shina la mgomba.

Hatimaye muuguzi wa zahanati aliugusa ule uvimbe, akamwambia Nzioka ampeleke Nairobi wiki hiyo hiyo, asingoje kahawa iishe.

Hospitali kubwa ya Nairobi walimchungulia puani kwa taa, wakachukua kipande kidogo cha nyama, wakamwambia angoje majibu. Majibu yalipokuja, daktari alivuta kiti akakaa, na Muthoki anasema alipoona daktari amekaa, alijua.

"Ni saratani, mama," daktari alisema. "Iko nyuma ya pua. Lakini haijaenda mbali. Tutaichoma kwa mionzi, na wengi wanaokuja mapema kama wewe hupona."

Nzioka alikuwa amesimama na kofia mkononi. Muthoki ndiye aliyeuliza, "Nimeutoa wapi ugonjwa huu? Kwetu hakuna aliyewahi kuwa nao."

Daktari badala ya kujibu akamwuliza anakopikia. Muthoki akamweleza jiko la Ndululu, mlango mfupi, mbegu zilizo juu ya moto, na kwamba mwezi wa saba hulala humo na watoto.

"Siwezi kukuapia kwamba ni moshi," daktari alisema. "Kuna wanaougua bila kuwahi kuwasha kuni, na kuna wanaozeeka ndani ya moshi wakiwa wazima. Lakini wenye ugonjwa huu wanaotoka milimani kwenye baridi, nikiwauliza, wengi wanasimulia jiko kama hilo lako. Mimi ningekuwa wewe, moshi ningeutafutia njia ya kutoka. Kwa ajili yako, na zaidi kwa ajili ya watoto."

Akalazwa. Kitanda cha pili kililaliwa na mwanamke wa Kitui mjini, Mwislamu, jina lake Esha, mnene, mcheshi, ambaye alikuwa amekatwa titi moja na sasa alichomwa mionzi kama Muthoki. Usiku wa kwanza Muthoki alijifunika shuka kichwani akilia polepole. Esha alimwacha alie. Asubuhi akamvuta shuka.

"Dada, inuka tuoge kabla maji ya moto hayajaisha."

"Mimi ni mgonjwa," Muthoki alisema.

"Najua. Mimi pia. Lakini huo ugonjwa mwachie daktari, ndiyo kazi yake. Wewe mshughulikie Muthoki. Muthoki anataka kuoga."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya Esha, na aliitoa kila siku. Baada ya uji alimtembeza Muthoki kwenye ukumbi mrefu wa wodi, mpaka dirisha la mwisho na kurudi, wakiwasalimu wagonjwa kwa majina. Mionzi ilipoanza kumchoma Muthoki koo akashindwa kumeza, Esha alikaa naye, kijiko kwa kijiko, akimsimulia visa vya majirani zake wa Kitui mpaka uji ukaisha bila yeye kujua. Mmoja aliomba kwa namna yake na mwingine kwa yake, na kila mmoja alimtaja mwenzake. Wauguzi walikuwa wakisema kitanda hiki na kile vinapiga kelele kuliko soko.

Mume wa Esha, Hemedi, alikuwa fundi wa kujenga matanuri ya mikate. Alikuja kila Jumapili na mikate mikubwa yenye harufu ya kumfanya hata mtu asiye na hamu ya kula ageuze kichwa. Siku moja Muthoki alimwuliza, "Fundi, tanuri lako likiwashwa, moshi unaenda wapi?"

Hemedi aliona huyu ndiye mgonjwa wa kwanza kumwuliza habari ya maana. Akakaa, na kwa kidole akamchorea juu ya shuka. Hapa moto, hapa tundu la hewa, hapa moshi unapinda, hapa unapanda kwenye bomba mpaka juu ya paa. "Ukilijenga vizuri," alisema, "mpishi anavaa shati jeupe."

Nzioka, aliyekuwa amekuja na ndizi, alisogea akatazama shuka kwa muda mrefu.

Muthoki alirudi nyumbani mwezi wa tisa. Tulimlaki barabarani sote, na wakati tunampokea tulijitahidi tusionyeshe jinsi alivyokonda. Ngozi ya shingo ilikuwa imeungua ikawa nyeusi, mate yamekauka mdomoni, na chakula chote, alisema, kilikuwa na ladha ya karatasi. Lakini ule uvimbe haukuwapo. Ndululu alipagusagusa mahali pake kwa vidole viwili, mara nyingi, kama anayetafuta sindano iliyoanguka, akakosa, akamshukuru Mungu kwa Kikamba kirefu.

Jioni hiyo, tukiwa tumejaa jikoni, mtu akauliza ugonjwa ulisababishwa na nini. Nzioka, kwa kutofikiri, alirudia maneno ya daktari yote, mpaka lile la moshi.

Ndululu alikuwa akikoroga sufuria. Akaendelea kukoroga. Kisha akaweka mwiko chini, akatoka nje, na hakurudi mpaka wageni tumeondoka.

Tangu siku hiyo alibadilika. Kazi alizifanya zote. Chakula alikipika kwa uangalifu kuliko zamani: uji mwembamba wa wimbi, maziwa ya mgando, parachichi lililopondwa, supu ya mifupa aliyoichemsha tangu alfajiri ili imezeke kwa urahisi. Lakini alimpa Muthoki bakuli mlangoni akageuka. Hakuimba tena akisaga. Muthoki alimkuta mara mbili amesimama katikati ya jiko lake, mikono kiunoni, akilitazama paa.

Mwishowe Muthoki hakuweza kuvumilia. Alimfuata kwenye mtaro alikokuwa akikata majani ya mbuzi.

"Mwaitu, nimekukosea nini?"

Mwaitu ndilo neno letu la mama, na Muthoki alimwita hivyo tangu alipoolewa. Ndululu hakuacha kukata.

"Wamesema nilikupikia ugonjwa," alisema.

"Hakuna aliyesema hivyo. Daktari mwenyewe hana hakika."

"Mimi nimekaa humo tangu nilipoletwa hapa nikiwa msichana. Mbona mimi mzima?"

"Sijui, mwaitu. Na yeye hajui."

Ndululu akaketi juu ya yale majani. Muthoki anasema hajawahi kumwona mwanamke yule akiketi kazini. "Ulipokuja hapa ulipenda kukaa mlangoni," Ndululu alisema. "Kila siku ulikaa mlangoni. Na kila siku nilikuambia, ingia ndani mwanangu, sogea motoni, utashikwa na baridi. Ni mimi niliyekusogeza."

Muthoki aliketi naye. Mate hayakuwapo mdomoni na maneno yalikuwa magumu kutoka, lakini aliyasema. "Ulinisogeza kwa sababu ulinipenda. Ungekuwa mama mkwe mbaya ungeniacha mlangoni."

Ndululu alimtazama, na polepole ule uso ukaanza kukunjuka. "Kwa hiyo ningekuchukia ungekuwa mzima."

"Labda."

Nilikuwa napalilia upande wangu nikasikia kicheko. Nilidhani wanagombana, nikainuka kwenda kuamua, nikawakuta wameegemeana, machozi yanawatoka, wanacheka.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na kishindo. Nilifikiri ng'ombe amevunja zizi. Nikavuka mtaro mbio, nikamkuta Ndululu amejifunga kanga kiunoni, jembe mkononi, anaupiga ukuta wa jiko lake upande wa bondeni. Vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope. Nzioka amesimama kando kwa nguo za kulalia akimsihi ampe hilo jembe.

"Ukuta niliukanda mimi," Ndululu alimwambia. "Nikiubomoa, nabomoa changu."

Yale mawe aliyoyaweka yeye mwenyewe, wakati Nzioka alipokuwa mtoto mchanga, yaliporomoka moja baada ya jingine. Lakini jembe si chombo cha kupimia, na Ndululu alikuwa na hasira ya wiki nzima mkononi. Alipomaliza, tundu lilikuwa kubwa kuliko mlango. Mbuzi wake wa maziwa alilitazama, akaruka, akaingia jikoni, akatokea mlangoni na ganda la ndizi mdomoni.

"Mama," nilisema, "hili ni dirisha kweli?"

"Hewa inaingia ama haiingii?"

"Inaingia. Na mbuzi pia."

Muthoki alitoka nyumbani amejifunga shuka akaliona. Alicheka kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka sauti yake haikutoka ndani ya chungu. Ilikuwa nyembamba na kavu, lakini ilikuwa yake.

Tangu hapo nyumba ile ikapata uhai. Nzioka alitia fremu ya mbao kwenye tundu, mbuzi akakatazwa. Kila jioni Ndululu alimchukua Muthoki watembee juu ya matuta mpaka kwenye kilele ambapo unaweza kumwona mtu aliye sokoni, wakapumzika, wakarudi. Mwanzoni walikuwa wawili. Kisha nikajiunga mimi, kisha wengine wa kwaya, na kwa kuwa wanawake wa kwaya hawawezi kutembea kimya, tuliimba. Muthoki hakuimba. Alitembea katikati yetu akipiga makofi taratibu.

Karibu na mwisho wa mwezi wa kumi Ndululu alipika isyo, mahindi na mbaazi, akayaponda laini kwa ajili ya Muthoki. Nilikuwapo. Muthoki alitia kijiko mdomoni, akatulia, akakunja uso.

"Mwaitu," alisema, "leo umezidisha chumvi."

Ndululu alimkazia macho. "Umesema nini?"

"Chumvi ni nyingi."

Yule mama aliondoka kwenye kigoda na kucheza. Alicheza kuzunguka mafiga, mabega yakirukaruka kama msichana wa ngoma, sisi tukimpigia makofi bila kuelewa. Muthoki ndiye aliyeelewa kwanza. Tangu atoke Nairobi alikuwa akila karatasi, na sasa alikuwa amesikia chumvi. Ilikuwa kweli imezidi, nilionja mwenyewe, na tuliila yote.

Mwezi wa kumi na mbili, kwa mwaliko wa Nzioka, wakaja Hemedi na Esha kutoka Kitui, basi mpaka Machakos na basi jingine mpaka kwetu, Hemedi na kisanduku chake cha vyombo na Esha amejitanda buibui, anatetemeka kwa baridi na kutulaumu kwa kuishi mawinguni. Muthoki na Esha walishikana barabarani wasiachane, mpaka dereva akapiga honi wampishe.

Ndululu alimtazama fundi juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyechora jiko juu ya shuka."

"Ndiyo, mama."

"Basi karibu. Lakini nina neno. Mbegu zangu utaziweka wapi? Moshi ukitoka wote, dumuzi watakula mbegu. Na nyasi za paa zitaliwa na mchwa. Moshi hauna ubaya tu."

Hemedi alikuwa mtu wa adabu. Hakumwambia hajui. Aliketi naye, akakubali kwamba kweli moshi ulikuwa na kazi, na akamwuliza watu walihifadhije mbegu walipokuwa safarini au nyumba ikiungua. Ndululu alifikiri. Akakumbuka mama yake akichanganya mbegu na majivu makavu ndani ya chungu na kuziba mdomo kwa udongo. "Zilikaa," alisema. "Zilikaa mpaka mvua mbili." Kuhusu paa, Nzioka alisema kahawa ya mwaka ule inatosha mabati. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kikundi chetu cha wanawake, mwethya, ambacho hulimiana mashamba na kujengeana, kilikuja chote. Mwenyekiti wetu Kasyoka alitupanga: hawa mawe, hawa udongo wa kichuguu, hawa maji kutoka mtoni. Tulikanda udongo kwa miguu tukiimba, na Esha, ambaye daktari alimkataza kubeba mizigo, alikaa kwenye kiti akawa msimamizi. Alijifunza nyimbo zetu kwa siku moja, maneno akiyakosea vibaya kiasi kwamba mara nyingine tuliacha kazi tucheke. Hemedi alijenga jiko la kuinuliwa, usimame wima ukipika, lenye matundu ya sufuria tatu, na nyuma yake dohani ya matofali iliyopita kwenye paa jipya.

Siku ya kuliwasha ilikuwa Jumamosi. Ndululu alipewa kiberiti. Tukajibana ndani tukiutazama moto ukishika, kuni zikaanza kulia, na sote tukafumba macho kwa mazoea. Tulipoyafumbua hakukuwa na kitu. Hewa ilikuwa safi. Tuliweza kuonana, hata mikunjo ya nyuso, hata doa kwenye leso ya Kasyoka.

"Moshi uko wapi?" Ndululu aliuliza, kwa mashaka, kama aliyeibiwa.

Kabla Hemedi hajajibu tulisikia kelele nje. Watu wa mlima wa pili walikuwa wameona moshi mzito unatoka juu ya paa. Wanaume wanateremka na ndoo, wengine na matawi ya kuzimia moto, mmoja amebeba ngazi. Mbele yao wote alikuwa Kiilu, mzee wa kanisa, hana pumzi, na alikuwa tayari ameyamwaga maji yake ukutani alipotukuta tumetoka, tumejipanga na vikombe vya chai.

"Nyumba inaungua," alisema.

"Haiungui," Ndululu alimjibu. "Inapumua. Keti unywe chai."

Waliketi wote. Ilibidi kuongeza sufuria ya pili na ya tatu, na jiko lile lilizipika zote kwa pamoja, na Hemedi akavaa shati jeupe makusudi akawapakulia. Kiilu alichungulia ndani, akatoka, akachungulia tena. Kabla hajaondoka alikuwa ameshamwuliza Hemedi kama anaweza kupita kwake.

Hemedi hakuweza kumjengea kila mtu, lakini alikaa muda wa kutosha kumfundisha Kasyoka na mimi na wengine wawili. Mwaka uliofuata mwethya ukaacha kidogo mitaro ukajenga majiko, nyumba kwa nyumba. Ndululu alijifanya mkaguzi. Aliingia jikoni mwa watu bila kubisha, akakohoa kwa makusudi, akatazama dari, akauliza dirisha liko wapi. Kuna waliomkasirikia. Kuna mmoja aliyemwambia babu zake wote walikaa na moshi. Ndululu alimwambia, "Wangu pia. Na mimi nilimketisha mtoto wangu humo. Fungua dirisha." Nilikuwa naye siku hiyo, na nilimwona yule mtu akilifungua.

Kwa muda wote huo Muthoki alikuwa akienda Nairobi kupimwa, na kila mara walimwambia arudi tena. Sauti ilirudi kidogo kidogo. Krismasi aliimba mstari mmoja. Pasaka aliimba wimbo mzima, chini zaidi ya zamani, na wengine walisema ile ya sasa ndiyo nzuri. Mimi nilizipenda zote mbili.

Mwezi wa nane mwaka wa themanini alikwenda kwa kile kipimo kikubwa, walichosema kingeonyesha kama ugonjwa umekwisha au umejificha. Nzioka alikwenda naye. Siku ya kurudi, Ndululu alishuka sokoni tangu asubuhi, akasema anauza mayai. Nilikwenda naye. Hakuna yai alilouza. Mtu akimwuliza bei anamtajia ya juu ili aondoke, macho yako barabarani.

Basi lilipofika, Muthoki aliteremka wa kwanza. Ndululu alimpokea begi, akalitia kichwani, akaanza kutembea bila hata kumsalimu.

"Mwaitu, huulizi?"

"Utaniambia tukifika nyumbani. Nisije nikaanguka sokoni watu wakanicheka."

Muthoki alimshika mkono akamsimamisha. Nyuma yake Nzioka alikuwa akitabasamu, na Nzioka si mtu wa kutabasamu ovyo, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeshajua.

"Hakuna kitu," Muthoki alisema. "Wametazama kila mahali. Daktari amesema niende nikalime. Na Esha nimemkuta huko, naye ameambiwa hivyo hivyo. Tumecheka mpaka wametufukuza."

Ndululu aliteremsha begi. Kulikuwa na gunia la viazi kando ya njia, akaketi juu yake, mikono magotini, anatazama watu wakipita. Mwenye viazi alikuja akainama kumwangalia.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi," Ndululu alisema. "Nimefurahi. Niache nikae kidogo."

Mwenye viazi aliwatazama, akasogeza gunia la pili, na Muthoki akaketi kando ya Ndululu.